Umelipia Banda, Hukulipia Umeme

Sikusudii kueleza ukubwa wa lile banda la vivutio vitano, wala saa zake za kufunguliwa, wala majina ya wafadhili yaliyojaza bango la mlangoni. Hayo kila aliyefika viwanja vya Ngongo, Lindi, wakati wa Nane Nane aliyaona kwa macho yake. Ninachotaka kueleza ni yaliyonipata mbele ya pazia jeusi la chumba kimoja, na jinsi kijana mmoja aliyekuwa amekalia kreti la soda alivyoniharibia siku niliyokuwa nimeisubiri kwa miezi.

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa nimeisubiri. Hapa Mtwara tuko watu wachache, hatuzidi sita, ambao baada ya swala ya isha hukaa barazani na kahawa yetu, tukatazama kwenye simu video za bustani kubwa za burudani za ng'ambo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko. Wenzetu hubishana kuhusu Simba na Yanga; sisi hubishana kuhusu mabanda, na hasa kuhusu jambo moja: banda lenye vivutio vingi chini ya paa moja linapaswa kuwa na nini ndipo liitwe zuri? Rafiki yangu mmoja, fundi seremala, hushikilia wingi. Kwake yeye hakuna lililopata kulishinda Wonders of Life, lile kuba la rangi ya dhahabu lililofunguliwa Epcot, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, Marekani, mwaka 1989, ambamo mtu aliweza kupanda chombo cha kumsafirisha ndani ya mwili wa binadamu, akitoka hapo akaingia kwenye onyesho la ubongo wa mvulana wa miaka kumi na miwili, kisha akapanda baiskeli za mazoezi, vyote bila kutoka nje kwenye jua. Mimi humjibu kwamba wingi huo haukuliokoa, kwa maana lilifungwa mwaka 2007.

Langu mimi ni The Land, la huko huko Epcot, lililokuwepo tangu bustani ilipofunguliwa mwaka 1982. Mashua inakupitisha taratibu katikati ya vitalu halisi vya mboga. Mazao ya vitalu hivyo hupikwa katika migahawa ya banda hilo hilo. Na mmoja wa migahawa hiyo una sakafu inayozunguka, hata mlaji akiinua macho kutoka kwenye sahani yake anaona chini mandhari ambayo mashua zinapita. Mashua, kitalu na sahani vinasema neno moja. Hapo ndipo nilipojenga hoja yangu miaka yote: kivutio kimoja kikuitie cha pili, na cha pili kikukumbushe cha kwanza, la sivyo ni gulio lililoezekwa paa.

Basi tuliposikia kwamba Ngongo kutakuwa na banda la vivutio vitano kwa tiketi moja, vyote vikihusu Kusini yetu, tuliona kama kuna mtu amekuja kutusikiliza barazani. Kulikuwa na kitalu cha miche ya mikorosho, kona ya akina mama wabanguaji, treni ndogo ya watoto, chumba cha bahari chenye samaki aina ya silikanti, na kikubwa kuliko vyote, chumba cha giza ambamo mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kale, angeinua shingo na kunguruma. Kwa kweli mpangilio huo ulinifurahisha hata kabla sijauona, kwa sababu korosho, bahari na mjusi ndivyo vitu ambavyo mtu wa huku angevitaja akiamshwa usingizini.

Nilimchukua mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliye darasa la tatu. Wanaotufahamu watu wa Kusini wanajua kwamba mjomba kwetu si mtu wa kuleta pipi tu. Mjomba akiahidi, ahadi yake inahesabiwa na ukoo mzima. Mimi nilikuwa nimemwahidi mjusi. Tulipanda Coaster ya alfajiri, tukapita Mikindani jua halijachomoza, na hadi tunafika Mnazi Mmoja alikuwa amekwisha kuniuliza mara tatu au nne kama mjusi huyo anauma.

Kitalu kilikuwa kizuri, nisiwanyime haki yao. Chumba cha bahari kilikuwa na samaki wa plastiki na silikanti aliyechorwa ukutani na mtu ambaye nadhani hajawahi kumtazama samaki wa aina yoyote. Treni ilikuwa imesimama, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Hayo yote niliyapita kwa moyo mweupe, maana tulikuwa tunaelekea kwenye pazia.

Mbele ya pazia kulikuwa na kamba, na mbele ya kamba ndipo alipokaa huyo kijana, wa umri wa mwanangu wa kwanza, akichokonoa meno kwa njiti. Hakuinuka, hakutoa shikamoo, hakunitazama. Nilipomwonyesha tiketi zetu mbili alisema, "Jenereta limezima." Nikamuuliza litawaka lini. "Sijui mie." Nikamweleza, kwa upole ambao sasa naujutia, kwamba tumetoka Mtwara kwa ajili ya chumba hicho. Akajibu, "Kwani mimi ndiye niliyekwambia uje?" Nikamsomea maandishi ya tiketi, yaliyosema waziwazi vivutio vitano. Ndipo alipoitoa ile njiti mdomoni, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Mzee, umelipia banda. Hukulipia umeme."

Nyuma yetu watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliguna kwa sauti. Nilijaribu njia ya mwisho. Nilimwomba aniruhusu niwashe tochi ya simu, tuingie dakika moja tu, mtoto amwone mjusi akiwa amelala, asingurume, asiinue shingo, tutaondoka. Alikataa. Alisema simu haziruhusiwi ndani kwa sababu picha na mjusi zinalipiwa kando, na mpiga picha amekwenda kula. Wakati tunabishana, mtoto alikuwa amepiga magoti, ameinua upindo wa pazia kwa vidole viwili na kuchungulia. Kijana alipomwona alilipiga kreti kwa kiganja, akafoka, "We mtoto, toka hapo!" Mtoto akaruka nyuma kama aliyeguswa na kaa la moto, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Mimi angenisema atakavyo. Hilo la mtoto sijalisamehe.

Nimelifikiria jambo hili zaidi ya linavyostahili. Kuharibika kwa chombo si aibu; hata huko tunakokutamani vyombo husimama na milango hufungwa. Katika banda la Imagination la Epcot, lile lenye maji yanayoruka nje, ghorofa ya juu ilifungwa mwaka 1998, na hadi leo wapenzi wa bustani hizo huililia kama msiba wa jana, ingawa chini bado kuna vya kutazama. Banda la namna hii ndivyo lilivyo: mlango mmoja uliofungwa huonekana mkubwa kuliko minne iliyo wazi. Kwa hiyo anayewekwa kwenye mlango uliofungwa ndiye mtu muhimu kuliko wote humo ndani, na wenye banda walikuwa wamemweka pale mtu ambaye nisingemwachia hata mbuzi anichungie.

Kuna jambo jingine lililonirudia akilini njia nzima. Banda la bahari la Epcot lilipofunguliwa mwaka 1986 lilikuwa na vyumba vidogo vilivyofanana na lifti. Mgeni akiingia, aliona mapovu yakipanda dirishani, akahisi sakafu ikitikisika, na mlango ulipofunguliwa upande wa pili alijiona yuko chini ya bahari, ilhali chumba kilikuwa hakijashuka hata urefu wa kidole. Ulikuwa uongo, lakini ni uongo uliotungwa kwa kumheshimu mgeni. Kijana wetu aliniambia ukweli mtupu, kwamba jenereta limezima, na ukweli huo ulinichoma kuliko uongo wowote niliowahi kudanganywa.

Halafu ni umeme! Gesi inachimbwa Mnazi Bay, mkoani kwangu Mtwara, na nyingine inachimbwa Songo Songo, Kilwa, katika mkoa huo huo wa Lindi niliokuwa nimesimama, nami naambiwa umeme unalipiwa kando. Na mjusi mwenyewe ni wa kwetu. Wajerumani walimchimba Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi wa huku, pengine na babu zetu miongoni mwao, wakaibeba mifupa hiyo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo mjusi huyo amesimama jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kikizidi meta 13. Mtoto wa Kusini akitaka kumwona mjusi wa nyumbani kwao hana budi apande ndege. Sasa hata yule wa mbao na turubai, aliyetengenezwa ili kutuliwaza, amewekewa kamba na kuachwa gizani.

Ningeishia hapo nikalilaani banda zima, na kwa kweli nilikwisha kuanza kulilaani, lakini tulipokuwa tunatafuta njia ya kutokea tulipita kwenye kona ya wabanguaji, na hapo napaswa kusema kweli. Walikuwa akina mama wanne na bibi mmoja. Korosho zilikuwa zinakaangwa kwenye debe lililotobolewa, mafuta ya maganda yakishika moto na kurusha cheche, na mara moshi ulipozidi, mama mmoja alilipindua debe na kufukia moto kwa mchanga. Bibi alimwita mpwa wangu bila kuniuliza, akampaka majivu viganjani ili mafuta ya ganda yasimchubue, akampa kirungu kidogo na jiwe, akamwambia, "Ipige ubavuni, mjukuu wangu, usiipige kwa hasira." Korosho ya kwanza ilisagika. Ya pili ikatoka vipande viwili. Ya nne au ya tano ikatoka nzima, nyeupe, imepinda kama mwezi mwandamo, naye akainua mkono wenye majivu kunionyesha, na kwa mara ya kwanza tangu lile pazia akacheka. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyokaa kwingine kote. Akina mama wale hawakuhitaji jenereta. Kutoka kwenye miche ya kitalu hadi kwenye kirungu cha bibi, kile nilichokuwa nikikihubiri barazani kilikuwa mbele ya macho yangu, kivutio kikikiita kivutio, na nilianza kujiambia kwamba tiketi imelipa.

Nilikuwa nimefikia kusamehe. Kisha tukafika mlango wa kutokea, na nani amesimama hapo? Yule yule, amehamishiwa langoni kwa kuwa kwenye pazia hakuna kazi. Aliitazama karatasi iliyofungiwa korosho za mtoto, gao moja tu la bibi, akauliza, "Hizo umezilipia?" Kabla sijafungua mdomo, na nashukuru sikuufungua, sauti ya bibi ilitoka kule kwenye moshi: "Muache mjukuu wangu!" Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, bibi," akatupisha. Kumbe adabu anayo. Alikuwa amemwekea mtu mwingine.

Jioni barazani nilisimulia yote, nikitumaini kuungwa mkono. Fundi seremala alinisikiliza hadi mwisho, akanywa kahawa yake, kisha akasema kwamba hiyo ndiyo hoja yake ya siku zote: vingekuwa vivutio kumi, ungekosa viwili ukabaki na vinane, usingelia. Nilimwambia haelewi. Lakini usingizi ulipogoma kuja niliona kwamba kama pasingekuwa na kona ya tano, ningerudi Mtwara na mtoto aliyefokewa na hakuna kingine, na kwamba kilichotuokoa siku ile ni wingi, si ule mpango niliokuwa nausifu. Sijamwambia hivyo, na sidhani kama nitamwambia.

Je, namshauri mtu aende, likirudi tena? Kwa ajili ya akina mama wale, ndiyo, na aende asubuhi kabla jenereta halijachoka. Kwa ajili ya yule kijana, hapana, hata wakifanya kiingilio bure. Nikiandika hapana namkumbuka bibi, nikiandika ndiyo nalisikia lile kreti likipigwa.

Dada yangu alinipigia simu siku mbili tatu baadaye. Aliniuliza mjusi huyo ana ukubwa gani hasa, kwa sababu mtoto amewasimulia darasa zima, na sasa walimu nao wanauliza. Nikashangaa, nikataka kumwambia kwamba chumba kilikuwa kimefungwa, hatukumwona. Akaendelea kusema kwamba kwa maelezo ya mtoto mjusi ana kucha tatu zenye rangi ya udongo, na mguu wake ni mpana kuliko mlango wa jikoni kwao. Nikalikumbuka lile pazia, na vidole vile viwili vilivyoinua upindo.

Nikamwambia dada kwamba ni kweli, mguu wake ni mkubwa sana.