Jambiani pazuri sana, ila walichomfanyia mama yangu sijakisamehe

Mimi huwa siandikagi maoni ya hoteli, nikilala nikalipa nikaondoka basi yameisha. Hii naandika kwa ajili ya mama.

Ilikuwa mwaka jana, miezi ile ya kusi, nikamtoa Morogoro maana alikuwa hajawahi kuvuka bahari maisha yake yote. Boti toka Dar ni kama masaa mawili tu ila kanishika mkono mpaka tunashuka bandari ya Malindi, Unguja. Usiku Forodhani akaletewa urojo, akauliza huu uji au mchuzi, akamaliza bakuli akaongeza. Kesho yake daladala ya 309 hadi Jambiani, mama kafurahi kama mtoto njia nzima.

Chumba sina la kusema, kisafi, chandarua hakina tundu, pweza wa nazi wa pale mpaka leo namkumbuka.

Sasa siku ya pili asubuhi maji yamekupwa, bahari yote imekimbilia kule kwenye mwamba, mama katoka na kanga zake na kikapu chake kakaa kwenye vile vitanda vya ufukweni, mimi nikarudi chumbani kufuata simu. Dakika tano hazifiki! Narudi nakuta askari wa hoteli kamsimamia na kirungu, "We mama toka hapo, hapo pa wageni, biashara zenu fanyieni kule chini." Kaona kanga na kikapu akajua huyu anauza. Na mama yangu, mtu wa miaka sitini na kitu, anakusanya vitu vyake anasema samahani baba, samahani. Anaomba msamaha kwa kitanda nilichokilipia mimi!

Nikamwambia kaka, umemuuliza yuko chumba namba ngapi? Wale Wazungu pale pembeni umewauliza? Kanyamaza, halafu kasema "Dada, sisi tumeambiwa hivyo." Hilo neno ndo limenichoma kuliko kirungu. Nani kawaambia? Yule ni kijana tu anatafuta riziki, simlaumu sana, yaani namlaumu, lakini aliyemtuma namlaumu zaidi. Risepsheni wanasema eti watatupa bendi za mkononi ili tutambulike, wakati Wazungu hakuna hata mmoja aliyevaa bendi. Meneja kaja jioni na sahani ya matunda. Neno pole kwa mama halikumtoka.

Waliomponya mama ni kina mama wa mwani. Siku ileile kashuka zake mchangani peke yake, wakamwita karibu mama, wakamshika mkono wakampeleka mpaka kwenye mashamba yao, maji ya magotini, wakamuonyesha wanavyofunga mbegu kwenye kamba zilizovutwa kati ya vijiti. Wakamwambia ule mwani aina ya kotoni wenye bei nzuri siku hizi unakufa, maji yamekuwa ya moto, wamebaki na aina nyingine, spinosamu, ambayo bei yake ndogo. Mama ni mkulima, akaelewa mara moja, kaja kunihadithia mvua za mahindi yake na joto la bahari yao kwa pamoja. Maji yalipoanza kujaa wakaitana wote, wakamsindikiza mpaka mlangoni kwetu na yule askari anaangalia.

(Wanaolalamika kwamba wamefika pwani ya mashariki hawakukuta bahari, ulizeni kwanza ratiba ya maji, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana. Kama unataka kuogelea muda wote nenda Nungwi au Kendwa. Mimi nasema kupwa ndo uzuri wenyewe wa Jambiani.)

Niliondoka naapa sirudi. Nilitaka niwape nyota moja, halafu nikakumbuka pweza na wale wadada wa usafi waliokuwa wanamwamkia mama kila asubuhi, nikasema mbili, sasa nimeandika mpaka hapa hasira imepanda upya, ni moja, moja kabisa.

Juzi mama kanipigia anauliza nauli ya boti imefika shilingi ngapi. Kumbe kawaahidi wale kina mama mchele. Kwa hiyo tunarudi, ila pale hatulali. Mwenye kujua nyumba ya watu kule kijijini inayokodisha chumba kwa siku tatu nne, naomba aniambie.