Corvette yangu ya 1976 kwenye daino: vifaa vya moshi vinakula hosipawa kiasi gani kweli (uzoefu wangu)

Ukimiliki gari ya Kimarekani ya miaka ya sabini kila anayepita ni fundi wako, na ushauri wao wote ni mmoja, ng'oa hayo madude ya moshi gari ipumue. Mzee jirani yangu hapa Sacramento anasema hivyo, mdogo wangu aliye Dar nikimtumia video ya injini naye anajibu "kaka toa masega hayo", yaani katalitiki, chombo cha kusafisha moshi kilichofungwa kwenye ekzosi. Yangu ni Corvette 1976, V8 ya lita 5.7 ile ya kawaida, otomatiki, kwenye makaratasi hosipawa 180, na ukiitaja hiyo namba mbele za watu wanacheka maana Corvette ya 1970 yenye injini saizi hiyo hiyo iliandikwa 300. Nikachoka kubishana, nikatafuta gereji yenye daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, nikawalipa wapime kifaa kimoja kimoja.

Kabla ya majibu ya mashine lazima niseme hili la makaratasi maana ndo linalopotosha watu wengi. Zile 300 za 1970 zilipimwa injini ikiwa peke yake kwenye stendi, haina filta ya hewa, haina ekzosi ya gari, haina oltaneta inayoizungusha, yaani injini iko likizo. Kuanzia 1972 Wamarekani wakahamia kipimo cha injini ikiwa imevaa kila kitu kama ilivyo kwenye gari. Mwaka 1971 GM waliandika namba zote mbili, na injini hii ilikuwa 270 kwa kipimo cha zamani na 210 kwa kipimo kipya. Injini ile ile, siku ile ile, 60 zimeyeyuka na hamna bolti iliyoguswa!

Halafu hizo 30 za kutoka 300 kwenda 270 ni kombresheni, yaani injini inabana hewa na mafuta mara ngapi kabla ya kuchoma. Ed Cole, bosi wa GM kipindi hicho, aliagiza injini za 1971 ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo ili njia iwe tayari kwa katalitiki zinazokuja, basi kombresheni ikashushwa kutoka 10.25 mpaka 8.5. Cha kuchekesha huyo Cole ndo yule yule aliyesimamia kuzaliwa kwa V8 ndogo ya Chevrolet ya 1955, kaizaa mwenyewe kaipunguza mwenyewe. Kwa hiyo ukilinganisha kwa haki anza na 210. Ya 1974 ilikuwa 195, 1975 katalitiki ilipofungwa ikaporomoka mpaka 165, yangu ya 1976 wakaitengeneza kidogo ikarudi 180.

Sasa daino. Gari inapandishwa kwenye rola, inafungwa mikanda, feni kubwa mbele, jamaa anakanyaga mafuta mpaka chini na kompyuta inasoma nguvu inayofika kwenye matairi, sio kwenye injini, kwa hiyo usishtuke namba ikiwa ndogo, gia boksi na difu vinakula fungu lao. Yangu kama ilivyo ilitoa mia na thelathini na kitu.

Wakaanza na pampu ya hewa, ile inayozungushwa na belti na kupuliza hewa kwenye manifoldi ya ekzosi ili mafuta ambayo hayajaungua yaungulie huko nje. Watu wanaichukia hii pampu kama mdeni sugu. Wametoa belti yake, wakavuta tena (yaani wakaikanyaga tena mpaka chini kwenye daino), tofauti ni hosipawa moja au mbili, fundi mwenyewe akasema hiyo hata joto la injini likibadilika kidogo inatokea. Ikarudishwa.

Ikaja EGR, ile valvu inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini kupooza uchomaji. Wakaziba hozi yake ya vakyumu, wakavuta tena. Sifuri. Na ukifikiria ni lazima iwe sifuri, maana inafunguliwa na vakyumu, na ukikanyaga mpaka chini vakyumu inakufa valvu inajifunga yenyewe. Anayekuambia kaziba EGR kapata nguvu huko juu anakudanganya au alikuwa na valvu iliyokwama wazi, na hapo kweli gari inakuwa nzito na ikiwa imesimama inaunguruma tu inatetemeka, ila hiyo ni valvu mbovu. Tena ukiiziba kabisa ukiwa barabarani kwenye mwendo wa kawaida injini inaweza kuanza kugonga.

Kwa hiyo mwizi alikuwa nani? Katalitiki yenyewe. Hii ya kwanza ya GM ndani haina masega kama ya Toyota zenu, ni debe bapa limejaa punje ndogo kama maharage, na moshi unajipenyeza katikati yake. Halafu kwenye hizi Corvette mabomba mawili ya V8 yanaunganishwa yapite kwenye debe moja, kisha yanagawanyika tena nyuma ili muonekano ubaki wa bomba mbili, usanii mtupu. Wakafunga geji ya presha kabla ya debe, sindano ikapanda vibaya. Gari ya karibu miaka 50, punje zishasagika na kujibana.

Wakanifungia katalitiki ya kisasa ya masega, na hapa California sio unaokota yoyote, lazima iwe na namba ya idhini ya serikali imegongwa kwenye bati lake, na bei imechangamka kwelikweli. Tukavuta tena, ikaongezeka kama hosipawa 12 kwenye matairi, na zaidi ya namba gari haichoki tena ukipita 4,000 rpm, kabla ilikuwa kama inapanda mlima Kitonga na mzigo. Wakafungua na distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, vizito vya kusogeza taimingi (wakati wa cheche kuruka) vilikuwa vimekauka, wakasafisha wakatia mafuta, taimingi ya mwanzo wakaiacha kama lebo ya chini ya boneti inavyosema, na hapo tukapata kidogo tena, karibu 150 jumla. Hiyo ni gari yenye kila kifaa chake cha moshi mahali pake, na hozi zote mpya.

Na mi sikuwa na uchaguzi wa kung'oa, California gari za petroli za 1975 kurudi nyuma zimesamehewa kupimwa moshi, yangu ni ya 1976. Mwaka mmoja tu jamani! Ule mswada waliouita wa Jay Leno, yule mchekeshaji wa TV mwenye magari kibao ya zamani, wa kusamehe gari za zaidi ya miaka 35 ulikwama kwenye kamati 2025, basi kila baada ya miaka miwili napeleka. Wanakagua kwa macho kama pampu ipo, EGR ipo, kisha wanaipandisha kwenye rola kwa maili 15 na maili 25 kwa saa wakiwa wameingiza mrija kwenye ekzosi. Safari hii HC (mafuta yasiyoungua) na CO (gesi ya sumu ya kaboni) zilikuwa chini mno kuliko nyuma, NOx (gesi za naitrojeni zinazotokana na joto kali la uchomaji) ikapita vizuri, na hiyo NOx ni kazi ya EGR maana katalitiki ya gari za miaka hiyo haiigusi, ndo maana nasema usiing'oe.

Ukitaka nguvu za maana zaidi ya hapo itabidi ufungue injini, pistoni za kombresheni kubwa na kamshafti nyingine, na gharama yake unaijua.

Gereji nawapa nyota nne. Walinieleza kila hatua, grafu zote walinipa, vifaa walirudisha vyote mpaka klipu za hozi. Ya tano nimewanyima kwa sababu ya miadi, unasubiri wiki kibao, afu simu hawapokei, na wanakutoza daino kwa kila mvuto, kwa hiyo kabla hujaenda badilisha plagi, filta na hozi za vakyumu mwenyewe nyumbani usije ukalipia mvuto wa kugundua hozi imepasuka.