Ricoh GR III mbele ya punda na paka wa Lamu

Kwa siku sita nilitembea Lamu mjini na kamera ndogo ya Ricoh GR III katika mfuko wa kanzu, nikiwa na kazi moja tu: kuwapiga picha punda na paka kwa namna ambayo mtazamaji atauona mji pamoja na mnyama. Kamera yenyewe si mpya. Ilitoka mwaka 2019 kwa bei ya dola 899 za Marekani, na mwaka 2025 kampuni ikatoa GR IV, kwa hiyo anayeitafuta sasa atafanya vyema kuwauliza pia wanaouza vifaa vilivyotumika. Habari za video na za picha za harusi sizigusi, kwa kuwa sikuinunua kwa ajili hiyo na sioni sababu ya mtu mwingine kuinunua kwa ajili hiyo.

Lenzi yake haibadilishwi wala haivuti, na upana wake ni ule ambao lenzi ya milimita 28 hutoa kwenye kamera ya filamu ya kawaida. Aliyezoea kupiga wanyama mbugani ataiona kuwa ni mzaha, maana ukisimama hatua ishirini kutoka kwa punda, punda hutoka kama sisimizi aliyeambaa ukutani. Lakini Lamu si Tsavo. Vichochoro vyake vingi vinatosha kumpitisha punda mmoja mwenye shogi zilizojaa mchanga au mawe ya kujengea, na mwenye punda anapopaza sauti "Simile!" kila aliye njiani hujibana ukutani au hupanda barazani hadi mzigo upite. Hapo hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Lenzi ndefu ingenipa pua na jicho, ilhali hii ilinipa punda mzima, ukuta wa chokaa, mlango wa nakshi na mkono wa mwenye punda ulioshika fimbo.

Sifa iliyonifaa kuliko zote ni fokasi ya umbali uliopangwa mapema. Niliiweka kwenye mita 2, tundu la lenzi likiwa f/8, yaani dogo, na kwa kuwa urefu halisi wa fokasi ya lenzi hii ni milimita 18.3 tu, kila kitu kuanzia mita moja hivi hadi ng'ambo ya kichochoro hutoka bila ukungu. Ukikandamiza kitufe hadi chini kwa mara moja, kamera haitafuti kitu, inapiga tu. Hili ni la lazima kwa kazi ya namna hii, kwa sababu kamera hii imefundishwa kutambua nyuso na macho ya watu, si ya paka, na paka hasubiri. Gharama yake ni mwanga: vichochoroni, hata adhuhuri, nililazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600, na chembechembe zikaanza kuonekana kwenye manyoya meusi. Mimi hazikunikera.

Kinachokera ni kioo cha nyuma, ambacho kimegandamana na mwili wa kamera na hakiinuki. Kitundu cha kuchungulia hakipo kabisa. Ukitaka kuwa sawa na macho ya paka aliyelala chini ya baraza, ama ulale kifudifudi mbele ya wazee wanaokunywa kahawa, ama uishushe kamera mpaka magotini na kupiga kwa kukisia. Nilikisia. Picha nyingi zilipinda, ila chache zilizonyooka ndizo bora za safari nzima, na sababu ni ile ile iliyomfanya mpiga picha Elliott Erwitt, huko New York mwaka 1974, aishushe kamera hadi kimo cha mbwa mdogo aliyevalishwa kofia, hata bibi aliyekuwa naye akabaki buti tupu na mbwa mkubwa akabaki miguu. Kimo cha kamera ndicho kilichoamua nani awe mzima ndani ya fremu.

Sasa niseme juu ya kukata picha. Kamera ina njia ya kukata papo hapo, inayoiga lenzi ya milimita 35 au 50, na picha ya megapikseli 24 hushuka hadi 15 au 7. Siku mbili za kwanza niliiacha kwenye 50, nikidhani ninajisogeza karibu. Niliporudi chumbani na kuzifungua picha, nilikuta punda ambao wangeweza kuwa wa mji wowote: migongo, masikio, basi. Kuanzia siku ya tatu nilipiga fremu nzima na kuacha kukata hadi jioni.

Picha moja inatosha kueleza tofauti. Ni asubuhi katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, punda wa kijivu amesimama mbele ya mlango wa nakshi, amegeuza kichwa kushoto, na kwenye ukingo huo huo wa kushoto kuna ndoo ya plastiki ya manjano inayovuta jicho kuliko kitu kingine chochote. Mkato wa kwanza uliiondoa ndoo, lakini pua ya punda ikagusa ukingo, akawa kama anayetoka nje ya picha kwa kusukumwa. Mkato wa pili niliuanzia kulia: nikaondoa kipande cha ukuta mtupu na nusu ya duka, nikaacha ndoo ibaki kipande tu, nikahifadhi nafasi mbele ya pua. Chini nilikata juu ya magoti, kwa kuwa miguu iliyokatwa kwenye kifundo humfanya mnyama aonekane kilema. Ncha za masikio sikuzigusa. Ndoo ingali pale, na nimeridhika nayo.

Wapo watakaosema kwamba picha haikatwi. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alikuwa maarufu kwa msimamo huo, na hata hivyo picha yake ya mwaka 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, ilikatwa, kwa kuwa aliipiga kupitia upenyo wa uzio. Hesabu ya uchapaji ni rahisi zaidi kuliko mabishano hayo: kwa nukta 300 kwa inchi, fremu nzima ya kamera hii ina upana wa sentimita 50 hivi, na mkato wa milimita 50 hubaki na sentimita 28. Kwa ukuta wa sebuleni, 28 zinatosha. Kwa maonyesho, hapana.

Betri huishia kwenye picha 200 hivi, kwa hiyo nunua ya pili siku ile ile. Mwili haukuzibwa dhidi ya vumbi wala maji, na kwa hiyo pale bandarini, penye chumvi na mchanga, nilikuwa naitoa mfukoni kwa muda wa kupiga tu. Kwa punda wa vichochoroni nitaendelea nayo. Kwa paka waoga wa gatini, wanaokimbia ukiwafikia hatua tatu, ningechukua dada yake, GR IIIx ya mwaka 2021, ambayo lenzi yake ni sawa na milimita 40.