TAHADHARI: Risiva za mtumba zinazobandikwa lebo ya 220-240V wakati ni za umeme wa Japani na Marekani

Wakuu, salaam. Yeyote anayekusanya hela anunue risiva ya sinema ya nyumbani (amplifaya inayopokea sauti ya TV au deki na kuigawa kwenye spika), hasa ninyi wa mikoani mnaochagua kwa picha za Instagram na kutumiwa mzigo kwa basi, someni hili kabla hamjatuma hata shilingi.

Kuna muuzaji hapa Dar, ana kiduka Kariakoo na ukurasa wenye picha nzuri sana. Anauza risiva za mtumba za majina makubwa: Yamaha, Denon, Pioneer, Sony, Onkyo. Bei zake ziko chini ya wenzake kiasi kwamba mtu anasahau kuuliza maswali. Jina la duka na namba zake siziweki hapa kwa sababu kuna wateja wanaoendelea kudai hela zao na mmoja amefungua jalada polisi, na sitaki kuwaharibia. Mbinu yake nitaieleza yote. Jina anaweza kulibadili kesho akaendelea na kazi ileile.

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya. Siku za karibuni naletewa risiva zenye ugonjwa mmoja. Mtu amefika nayo nyumbani, kachomeka ukutani, ikavuma mvumo mzito, ikatoka harufu ya vanishi iliyoungua, kisha kimya. Nikifungua kifuniko nakuta fyuzi imekatika, au transfoma imeungua kwa ndani. Nikiigeuza nyuma naona kikaratasi kilichochapishwa vizuri kabisa: AC 220-240V 50Hz. Kikwangue kwa ukucha. Chini yake yako maandishi ya kiwandani: AC 100V 50/60Hz. Nyingine zimeandikwa AC 120V 60Hz.

Huo ndio utapeli wenyewe. Kifaa cha soko la Japani kinataka volti 100, cha Marekani volti 120. Umeme wa kwetu ni volti 230. Ukikichomeka moja kwa moja, transfoma inapewa takriban mara mbili, au zaidi, ya volti ilizotengenezewa. Chuma chake kinashiba sumaku, umeme unaovutwa unapanda ghafla, na kinachokatika ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Ukiwa na bahati ni fyuzi ya kioo, ya bei ndogo tu. Bahati ikikukataa, ni fyuzi ya joto iliyofichwa katikati ya nyuzi za transfoma, huifikii bila kuipasua, na transfoma ya modeli ileile hapa mjini ni kuitafuta mpaka uchoke.

Mtu atauliza, mbona dukani inawaka na kuimba? Inawaka kwa sababu chini ya kaunta kuna stepdaun, ile transfoma ya kushusha umeme. Mteja anaona waya umeingia nyuma ya meza, anadhani umekwenda ukutani. Plagi ya asili, yenye pini mbili bapa, imeshakatwa na kufungwa plagi yetu ya pini tatu ili ifanane na kitu cha huku. Kwa hiyo ukiona waya wa kiwandani una plagi ya kufungwa kwa skrubu, simama hapo, uliza plagi ya mwanzo ilikuwa ya namna gani. Mzigo wa Ulaya huja na pini mbili za duara, na lebo yake husema 230V 50Hz. Mzigo wa Japani huwa na alama ya PSE ndani ya duara, na mara nyingi maandishi ya Kijapani karibu na matundu ya spika. Wa Marekani mara nyingi huwa na alama ya UL. Alama hizi wanazisahau wakati wa kubandika.

Kilichonifanya niandike si hela peke yake. Kijana mmoja wa Dodoma alinunua kwa huyu bwana risiva ya kufungia kibanda umiza. Ilipokufa mara ya kwanza alimpigia muuzaji, akaambiwa ni umeme wa TANESCO, ampelekee fundi yeyote abadilishe fyuzi. Fundi alibadilisha, ikakatika. Akabadilisha tena, ikakatika. Mwishowe akazungushia waya wa shaba mahali pa fyuzi. Transfoma ikachemka mpaka ikaanza kutoa moshi, ndani ya kibanda cha mbao, watu wamekaa wanasubiri mechi. Waliwahi kuzima. Nawaomba sana mafundi wenzangu: fyuzi ikikatika mara ya pili, acha kuibadilisha, geuza kifaa, soma lebo, na kama kuna karatasi juu ya lebo ibandue. Waya mahali pa fyuzi unaua watu.

Na mjue kwamba risiva ya Japani si kitu kibaya. Kuna wauzaji waaminifu wanaokwambia wazi kwamba hii ni ya volti 100, utahitaji stepdaun, na bei wanaipunguza kwa ajili hiyo. Ukikubali kununua ya namna hiyo, soma nyuma imeandikwa inakula wati ngapi, kisha nunua stepdaun yenye uwezo wa mara mbili, maana nyingi zinazouzwa madukani hazifiki namba zilizoandikwa juu yake. Hakikisha inatoa volti 100, maana nyingi hutoa 110, na kwa kifaa cha volti 100 hiyo tayari ni ziada. Kati ya Japani na Marekani, kwetu afadhali Japani, na sababu watu wengi hawaijui: nchi ile ina umeme wa aina mbili, upande wa mashariki hertz 50 na upande wa magharibi hertz 60, kwa hiyo vifaa vyao vinatengenezwa kuvumilia zote. Cha Marekani kilichoandikwa 60Hz peke yake, hata ukikishushia volti sawasawa, transfoma yake itachemka zaidi kwenye hertz 50 za kwetu.

Mbinu yake ya pili ni ya kuficha ubovu wa sauti. Anakujaribishia kwa Bluetooth au kwa waya wa simu, muziki unatoka spika zote, unafurahi. Anachofanya ni kuweka hali ya kusambaza stirio ileile kwenye spika zote, kwa hiyo hujui kama risiva bado inaweza kuchambua Dolby Digital au DTS (mifumo ya sauti ya sinema inayoipa kila spika sauti yake), wala kama matundu ya HDMI ni mazima. Bodi ya HDMI ndiyo inayotangulia kufa kwenye risiva nyingi za mtumba. Onkyo za kuanzia 2009 hadi 2012 zilijulikana duniani kwa bodi kufa na sauti kupotea kabisa, mpaka kampuni ikaongeza dhamana ya modeli zilizoathirika hadi mwisho wa 2018. Muda huo umekwisha zamani, na mzigo wa miaka ile ndio umejaa sokoni sasa.

Kwa hiyo ukienda dukani, kwanza mwambie atoe kifaa mezani, wewe mwenyewe ushike plagi, uichomeke kwenye soketi unayoiona ukutani. Akikataa, ondoka, huna haja ya kubishana. Ikiwaka, ingia kwenye menyu ya kupanga spika utafute jaribio la sauti: risiva itatoa mvumo kama wa mvua, spika moja baada ya nyingine, kushoto, katikati, kulia, za nyuma, halafu sabufa. Ikiruka spika moja, njia hiyo imekufa. Beba laptopu na waya wa HDMI, jaribu kila tundu la kuingizia, kisha tundu la kwenda kwenye TV. Iache iimbe nusu saa kwa sauti ya wastani. Risiva yenye tatizo ikipata joto rilei (swichi ya ndani inayokata spika) inalia "tak", sauti inakatika, na kiooni inaweza kuandika PROTECT. Muuzaji atasema ni kawaida. Si kawaida.

Nimegusia bei, niseme na wati, kwa sababu huyu bwana ana upande mwingine wa duka anaouza masabufa mapya yaliyoandikwa "5.1, 5000W" (5.1 ni spika tano na sabufa moja) kwa wale wasioweza bei ya risiva. Namba hiyo ni ya PMPO, yaani wati za kilele za kutangazia tu, na PMPO haina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda kinaandika kinachotaka. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990. Wati 5,000 za kuendelea zitapitaje humo? Geuza sabufa lenyewe usome linakula wati ngapi. Ukikuta 60, basi hakuna muujiza, haliwezi kutoa kwenye spika zaidi ya kile lilichovuta ukutani. Marekani walikuwa na tatizo hilihili mpaka 1974 ikatungwa kanuni ya jinsi ya kutangaza nguvu za amplifaya. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani wati zinazotoka mfululizo, na hata kwenye risiva za kweli uliza imepimwa vipi. Mfano, Sony STR-DH590 imetangazwa kwa wati 145 kwa kila njia, lakini hicho ni kipimo cha sauti ya kilohertz 1 peke yake. Karatasi yake ya vipimo inaonyesha 90 kwa njia mbili zikifanya kazi pamoja kwenye masafa yote. Kampuni haijadanganya, imeandika yote mawili. Muuzaji ndiye anayekusomea ile kubwa tu, tena anaizidisha kwa tano.

Na mengi ya masabufa hayo ya "5.1" yenye kibandiko cha Dolby hayana tundu la optiko wala HDMI. Yana matundu ya RCA tu, sauti inaingia stirio, inagawanywa, inakwenda spika zote. Kwa muziki na kwa sherehe ni sawa, sina ugomvi nayo. Ila usiyalipie kwa matumaini kwamba helikopta itapita nyuma ya kichwa chako.

Mwenye bajeti ndogo afanyeje? Kwa maoni yangu, atafute risiva ya mtumba ya Ulaya, ya volti 230, hata ya zamani. Isiyo na HDMI kabisa ila ina tundu la optiko, ile waya ya taa nyekundu, bado inapokea Dolby Digital na DTS za njia 5.1 kutoka kwenye TV au deki inayozitoa, na kwa kuwa watu wanaikimbia bei yake ni ya chini. Hiyo nitaichagua mbele ya mpya yenye kibandiko cha uongo, bila kusita. Ukiweza kuongeza kidogo, tafuta yenye HDMI iliyoandikwa ARC, ambayo ilianza na HDMI 1.4 mwaka 2009, waya mmoja unarudisha sauti kutoka kwenye TV. Inyanyue pia: risiva ya kweli ya njia tano huwa na uzito wa kilo saba hivi au zaidi kwa sababu ya transfoma na bapa la kupooza joto. Rimoti na kile kimaikrofoni cha kupimia chumba mara nyingi vimepotea, dai punguzo. Spika za gari za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika) usizifunge kwenye risiva iliyoandikiwa omu 6 na kuendelea, utarudi kwangu au kwa fundi mwingine.

Wa mikoani, msitume hela yote. Dai simu ya video, siyo video iliyorekodiwa, ageuze kifaa uone lebo ya nyuma na namba ya kifaa, apitishe kidole juu ya lebo uone kama ni karatasi. Lipa kwa lipa namba yenye jina la biashara na udai risiti ya EFD. Huyu niliyemtaja anatoa kikaratasi cha mkono kisicho na jina, kisha anasema "mali ikitoka dukani hairudi". Hilo lisikutishe. Kubandika volti za uongo juu ya lebo ya kiwanda ni kumdanganya mnunuzi, na malalamiko ya namna hii yapelekwe Tume ya Ushindani, FCC. Aliyetumiwa namba ya kulipia ikazimwa baada ya hela kuingia, aripoti polisi, na namba hiyo aitume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Kama tayari unayo nyumbani na ulinunua kwa bei ya kushangaza miezi ya karibuni, leo hii ichomoe, geuza, kwangua pembe ya lebo. Ukikuta 100V chini yake na bado haijachomekwa ukutani, haijaharibika, inaweza kutumika na stepdaun sahihi. Kama ilishachomekwa ikazima, usiijaribu tena na usimruhusu mtu abadilishe fyuzi. Piga picha lebo zote mbili, kile kikaratasi usikitupe, tunza boksi, meseji na muamala wa malipo. Wanaodai sasa hivi walikwama kwa sababu wengine walishabandua lebo wakaitupa, akawakana.