“Dada, umekuja kuona kasa au kuwatetea?”

Hivyo ndivyo alivyonijibu mwongozaji wa boti, mbele za watu, tukiwa katikati ya maji, yeye kamkamata ng'amba, aina ya kasa, kwa mikono miwili. Watu wakacheka. Mimi bado sijacheka, na majuma yamepita.

Boti ya safari hii ya kuona kasa inaondoka saa ngapi, inabeba watu wangapi, unapewa nini na nini, sitaandika. Yote yako kwenye tangazo lao, na kwa hayo hawakudanganya. Vifaa ni visafi, majaketi ya kuokolea yanafunga sawasawa, na miwani ya kuzamia haikuingiza hata tone, ingawa uso wangu mwembamba umezishinda miwani nyingi. Ningekuwa natathmini vifaa peke yake ningeweka nyota tano nikaenda zangu kulala.

Tena kuna mazuri zaidi ya hayo, na ndiyo yanayoniudhi.

Kwanza nahodha. Mtu mzima, mpole, sauti yake ya chini hadi mnalazimika kunyamaza ili mumsikie. Kabla hajawasha mashine alitukalisha akatueleza. Kaeni mbali na kasa, kama mita 3 hivi. Akija kwako mwenyewe, tulia, usimfukuze. Msimguse. Msimkatie njia, na zaidi ya yote msielee juu yake, maana kasa si samaki, ana mapafu, na akitaka kupumua lazima apate nafasi ya kupanda. Waliotaka kujipaka mafuta ya jua akawaomba wavae mashati ya mikono mirefu badala yake, kwa ajili ya matumbawe. Hakuyatunga hayo: Hawaii tangu 2021 hairuhusiwi kuuza mafuta ya jua yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa sababu hiyohiyo, na mita 3 ndio umbali ambao watu wa huko nao wanashauriwa kukaa na kasa. Nikajisemea moyoni, leo nimepata watu wanaojua kazi yao. Na mwongozaji alikuwa amesimama pembeni ya nahodha, anaitikia kwa kichwa kila neno. Kila neno!

Pili, kasa wa kwanza. Alikuwa kasa wa kijani, mkubwa, chini kwenye nyasi bahari, anakula. Sikujua kwamba kasa ana fujo akila. Anauma, anavuta kichwa pembeni, majani yanakatika, mchanga unatimka, na visamaki vinamzunguka kuokota kilichobaki. Mgongoni kaota mwani. Tulielea pembeni kama tulivyoelekezwa, kimya, kila mtu na mrija wake. Kisha akaacha kula, akapanda polepole akapita upande wangu, jicho moja likanitazama bila haraka wala hofu, kichwa kikatoka nje ya maji, nikasikia pumzi yake. Pumzi moja nzito, ya sekunde mbili hivi. Akashuka kuendelea na majani yake.

Nililia. Kulia ndani ya miwani ya kuzamia si jambo ninalomshauri mtu, lakini nililia. Hapo maoni haya nilikuwa nimeshayaandika kichwani na yalikuwa sifa tupu, ningewatumia hata ndugu zangu ambao hawapendi maji.

Sasa, huyu mwongozaji ana kamera. Picha zinauzwa kando, nje ya nauli. Si kosa, kila mtu na riziki yake. Ila yule kasa wa kijani alimpa mgongo tangu mwanzo mpaka mwisho, na tulipoinua vichwa nikamsikia akilalamika kwamba “huyu hakukaa vizuri.” Mnyama yuko kwake, anakula, halafu hakukaa vizuri! Ningejua hapo hapo kinachokuja, lakini nani anawaza mabaya akiwa na furaha.

Akatuhamishia upande wa matumbawe. Kwa wasiojua utaratibu wa safari hizi: wale ambao kuogelea kunawapa shida wanashika boya lenye kamba, na mwongozaji anawavuta. Siku hiyo kwenye boya alikuwapo mama mmoja mtu mzima na mjukuu wake. Mama alishatuambia mapema, bila kuona haya, kwamba maji yakimpita kifua hana ujanja. Jaketi kavaa, ndiyo. Lakini yule mama alikuwa anaitazama kamba, hakuwa anatazama jaketi.

Kwenye matumbawe tukamkuta ng'amba. Mdogo kuliko yule wa kwanza, katia mdomo kwenye ufa anachokonoa sifongo wa baharini. Ndicho chakula chake hasa, na ule mdomo mwembamba uliochongoka ndio unaomfikisha kwenye nyufa. Alikuwa hana habari na sisi.

Mwongozaji akaachia kamba.

Narudia kwa anayesoma harakaharaka: aliachia kamba ya boya lenye watu wawili, mmoja hajui kuogelea na mwingine mtoto. Akazama, akamkamata ng'amba kwa nyuma, mkono mmoja nyuma ya shingo na mwingine karibu na mkia, akapanda naye, akamgeuza tumbo lituelekee. “Pigeni! Pigeni picha! Anayetaka kumshika aje!” Kijana mmoja akaenda akamshika. Kisha mwingine. Kasa wa baharini hawezi kurudisha kichwa ndani ya gamba kama kobe afanyavyo, kwa hiyo kichwa chote kiko nje, macho wazi, na hana pa kukificha. Anapiga mapezi ya mbele kwa nguvu zake zote. Pezi moja lilimpata mwongozaji usoni, miwani ikamtoka, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikavua mrija nikapiga kelele: “Kaka, mwachie! Na boya lile linaenda!” Yote mawili, kwa pumzi moja, kwa sababu mkondo ulikuwa umeshalichukua boya na mama kaanza kuita.

Hapo ndipo aliponitolea ile shombo yake. Dada, umekuja kuona kasa au kuwatetea? Halafu akawageukia wengine wacheke, na wakacheka. Majibu yote makali yalinijia baadaye nikiwa bafuni. Pale majini nilibaki nimeachama, nikameza maji ya chumvi, nikakohoa, nikaonekana kituko kweli.

Aliyewafuata wa kwenye boya ni nahodha. Aliwasha mashine akaenda nayo taratibu, akaizima mbali nao ili propela isiwakaribie, akawatupia kamba. Mjukuu alidhani ni mchezo, akaomba warudie. Mama alipanda anatetemeka, akakaa, hakusema kitu. Ng'amba aliachiwa picha zilipokuwa zimetosha. Sikuhesabu dakika, sikuwa na hali ya kuhesabu.

Botini nikamfuata mwongozaji nikamwambia aliyoyafanya ni kinyume na tulichoelezwa na nahodha wake. Akanijia juu. La kwanza akasema kasa hawa wameshazoea watu. La pili, kwamba kumshika kidogo si kitu, kasa anakaa chini muda mrefu bila kupumua, kila mtu anajua. La tatu, eti wateja ndio wanaotaka.

Hilo la pili ndilo lililonipandisha mori, kwa sababu lina ukweli nusu, na ukweli nusu unauzika. Kasa aliyelala chini ya mwamba anaweza kweli kukaa saa kadhaa bila kupanda. Aliyelala! Mapigo ya moyo yamepungua, hewa anaitumia kidogokidogo. Anayepigana ajinasue anaimaliza hewa hiyo upesi mno, ndiyo maana kasa hufa maji kwenye nyavu za wavuvi, mnyama wa baharini anakufa maji baharini. Yule ng'amba hatukujua alipumua lini mara ya mwisho kabla ya kukamatwa. Yeye mwongozaji alijua? Alimuuliza?

Na hilo la kuzoea watu ni baya kuliko yote. Kasa akishazoea watu anazoea na boti, na propela haimjui aliyezoea. Wala yeye hatamtambua mwenye nia ya kumla. Tena tunamzungumzia ng'amba, ambaye kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, yuko kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa sababu kwa karne nyingi watu walimwinda kwa ajili ya gamba lake, wakatengeneza vitana, visanduku na fremu za miwani. Mkataba wa CITES, ule wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umekataza kulifanyia biashara ya kimataifa gamba hilo, ukakataza na kasa wa baharini wengine wote, aina zote 7. Sasa mtu anamtoa kwenye ufa wake ili mgeni apate picha ya kuweka kwenye simu.

Abiria mmoja akaniambia niache kuwaharibia siku. Mwingine akaangalia pembeni. Hata yule mama wa kwenye boya, niliyetegemea tutakuwa upande mmoja, tulipofika alinunua picha. Ya mjukuu wake, lakini alinunua. Simlaumu. Au namlaumu kidogo.

Mpaka hapo bado nilikuwa na nyota tatu za kuwapa: kasa wa kwanza, vifaa na nahodha. Tuliposhuka nikamngoja nahodha hadi watu wakaondoka, nikamuuliza, baba, wewe ndiye uliyetupa maelezo yale, mbona hukumkemea? Alimaliza kwanza kukunja kamba yake. Akasema, “Mwanangu, boti ni yake.”

Basi. Nilikuwa nadhani mwongozaji ni kijana mtundu anayevunja utaratibu wa kampuni, kumbe kampuni ni yeye. Utaratibu ni wa nahodha peke yake, anausema kila safari kwa sauti yake ya chini na mwenye mali pembeni anaitikia kwa kichwa kwa sababu wageni wanapenda kuusikia. Nyota tatu zikawa moja. Kisha nikafikiri, nikimpa nyota moja nahodha naye anaumia, huenda ndiye atakayelaumiwa kwa mapato kushuka. Zikawa mbili. Kisha nikakumbuka kwamba boya lilikaa bila mwangalizi na yeye alikuwa anaona tangu kamba inaachiwa, na hakusema neno mpaka nilipopiga kelele. Sijui nimhurumie au nimkasirikie. Siku nyingine namhurumia asubuhi na jioni namkasirikia.

Siku chache baadaye nikaletewa picha kwenye simu, bure, na ujumbe wa samahani kwa usumbufu na ombi la maoni mazuri. Picha ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mwanga umeingia vizuri, vipande vya gamba vimepandana kama vigae, rangi ya asali na weusi, na nyuma yake maji ya buluu tupu. Ukiikuza, ukingoni mwa gamba unaona kidole gumba, ukucha umekuwa mweupe kwa kubana. Wamejaribu kukikata kwenye picha lakini hawakukimaliza. Nikawajibu nataka nauli yangu. Wakasema huduma imetolewa, kasa walionekana. Nikawaambia mmoja alionekana, mwingine alikamatwa. Wakakaa kimya siku nzima, kisha wakaja na ofa: nifute malalamiko, nipewe safari nyingine bila malipo.

Na hapa ndipo ninapojishangaa, kwa sababu nilitamani kuikubali. Si kwa ajili yao. Ile pumzi ya kasa wa kijani naisikia hadi leo, na yupo pale pale, anakula.

Wanaoniuliza kama waende: nendeni majini, msikose kuona kasa kwa sababu ya hasira zangu. Ila si na hawa. Au nendeni nao siku ambayo mwenye boti kabaki nchi kavu, maana nahodha akiwa peke yake nadhani hamtapata safari nzuri kuliko hiyo. Hapana, hilo nalifuta. Pesa mtakayolipa inaingia mfuko uleule na kamera ni ileile. Ukienda kwingine, waulize kabla hujalipa: anayevuta boya ndiye huyo huyo anayepiga picha? Wakisema ndiyo, tafuta wengine.

Nyota moja. Nauli sijarudishiwa. Wakinirudishia nitakuja kuandika hapa, na wasiponirudishia nitakuja kuandika vilevile.