Vioo vya Rangi katika Soko la Maasai: Tathmini ya Kibanda Kimoja

Soko la Maasai la Jumamosi, karibu na mahakama katikati ya jiji la Nairobi, linajulikana kwa viondo, shanga, batiki na vinyago vya mawe ya Kisii, bidhaa ambazo mchuuzi huzitandaza chini asubuhi na kuzifunganya jioni bila hofu kubwa. Kioo hakina uvumilivu huo, na ndiyo maana nimeona kibanda kimoja kinachouza mapambo ya vioo vya rangi, ambacho nimekuwa mteja wake kwa muda, kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Wenye kibanda ni mume na mke. Kazi zao, nyingi zikiwa ndege, majani na vidirisha vidogo vya kutundika, zimening'inizwa kwenye fremu ya mbao iliyoelekezwa juani, na hapo wamefanya la maana, kwa kuwa kioo cha rangi kikilazwa mezani huonekana kimefifia, ilhali mwanga ukipenya kutoka nyuma, buluu ya kobalti hung'aa jinsi fundi alivyokusudia. Siku ya mawingu, mke aliniambia, wapita njia huwa hawasimami.

Fundi hutumia mbinu ya ukanda wa shaba: kila kipande hukatwa kwa kufuata mchoro, kingo zake husagwa hadi zilingane na za jirani yake, huzungushiwa ukanda mwembamba wa shaba wenye gundi, kisha vipande vyote huunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi. Mnunuzi anayetaka kujua kama kazi ni nzuri asiridhike na upande wa mbele, bali aigeuze. Katika heroe, yaani ndege flamingo, niliyoinunua, mistari ya lehemu ya nyuma ni laini na imeinuka kwa usawa kama ya mbele. Muhimu zaidi, kipete cha kutundikia kimelehemiwa pale mistari miwili inapokutana, wala si kwenye ukingo wa kipande kimoja, ambako uzito wa kioo ungeweza kuubandua ukanda. Nimeona kosa hilo katika vibanda vingine, hata kwenye kazi za bei ya juu.

Sikuridhika na visahani. Vimeunganishwa kwa lehemu ileile yenye risasi, ambayo ni sumu, lakini mteja mmoja alipouliza kama angeweza kuwawekea watoto peremende humo, alijibiwa kwamba hakuna shida. Shida ipo. Chombo cha namna hiyo ni cha funguo au hereni, na muuzaji anapaswa kulisema hilo kabla ya kuulizwa. Ufungaji nao ni dhaifu: gazeti na mfuko wa karatasi havitoshi kwa mtu atakayepanda matatu kuelekea Rongai.

Kuhusu bei, heroe ilianza kwa shilingi 2,500 nami nikaichukua kwa 1,700. Kupatana bei ni desturi ya soko hili, lakini kwa kazi inayokatwa kipande kwa kipande ningependelea bei iliyoandikwa, hasa kwa sababu madalali wanaowasindikiza wageni hujiongezea chao juu ya bei ya fundi. Anayetafuta kioo kilichopulizwa, yaani glasi na vyombo vya mezani, atafute Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambako msanii Nani Croze aliasisi kazi ya vioo na ambako vioo vilivyotumika huyeyushwa upya. Hiyo ni kazi nyingine, na ina bei yake.

Kibanda hiki hupokea pia oda, kwa malipo ya nusu ya bei kupitia M-Pesa. Nilipoagiza kidirisha cha juu ya mlango, fundi alikataa vipimo vyangu vya simu, akaja mwenyewe kupima fremu katika pembe zote nne, kisha akakitengeneza kidogo kuliko nafasi iliyokuwapo ili kisibanwe na mbao zinapovimba wakati wa masika. Kilichelewa kwa sababu kioo chekundu kilikuwa kimeadimika, lakini alinipigia simu kabla ya siku ya miadi kufika. Kwa oda za Krismasi, hupokea hadi mwisho wa Oktoba tu.