Uzoefu wangu na LSVT LOUD: tiba ya sauti kwa sisi wenye Parkinson

Nimemaliza tiba ya LSVT LOUD kwa njia ya video, na naandika haya kwa wenzangu wenye ugonjwa wa Parkinson ambao sauti zimeanza kufifia, na kwa jamaa zao waliochoka kuuliza "umesemaje?" Imenisaidia, tena sana. Lakini ni kazi nzito, na yapo mambo ya kujua kabla ya kulipa.

Nilikuwa nikisomesha chuo cha Kurani hapa Mombasa. Kilichonishtua zaidi ya mkono kutetemeka ni pumzi. Aya niliyoisoma miaka yote kwa pumzi moja ikaanza kunikatikia katikati, mahali pasipo pa kusimama, na kila msomaji wa Kurani anajua waqfu, yaani kusimama, wa ovyo unavyoweza kugeuza maana. Kisha sauti yenyewe ikapwaya, ikawa ya upepo, ya mlio mmoja usiopanda wala kushuka. Wajukuu wakawa wanasogeza sikio mdomoni mwangu. Ajabu ni kwamba masikioni mwangu nilikuwa nazungumza kama siku zote. Wakiniambia niongeze sauti, nilihisi wanataka nipige mayowe.

Mtaalamu wa tiba ya usemi aliyenihudumia, bibi mmoja aliyeko Nairobi, alianza kwa kunieleza kinachotokea, na maelezo hayo peke yake yalinifaa. Ukiwa umekaa kimya, unavuta na kutoa pumzi kwa mwendo usiotofautiana sana. Ukianza kusema, unavuta upesi na kuitoa polepole: misuli ya mbavu huizuia hewa isitoke yote kwa mkupuo, na maneno yakirefuka misuli ya tumbo husukuma iliyobaki. Hewa hiyo ndiyo inayotetemesha nyuzi za sauti kooni, na ulimi, midomo na taya huigeuza kuwa maneno. Ubongo hupanga yote hayo bila sisi kufikiri. Kwenye Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza miendo, hufa, na miendo yote hutoka midogo: hatua fupi, mwandiko mdogo, pumzi ndogo, sauti ndogo. Kifua hukakamaa, nyuzi za sauti hazikutani sawasawa, hewa inavuja. Juu ya hayo, ubongo huohuo huipima sauti hiyo ndogo na kuiona ya kawaida. Levodopa, dawa yangu ya Parkinson, imenisaidia mkono na mwendo, ila sauti haikuigusa sana, na wengi wetu ndivyo tulivyo.

Tiba imepewa jina la Lee Silverman, mama wa Arizona, Marekani, aliyekuwa na Parkinson na ambaye familia yake ilitamani tu kumsikia akisema. Aliyeianzisha pamoja na wenzake katika miaka ya 1980 ni Lorraine Ramig. Ratiba yake haina mjadala: vikao 16, siku 4 kwa wiki, wiki 4, kila kikao saa nzima, na mazoezi ya nyumbani kila siku. Nusu ya kwanza ya kikao ni ileile daima: kutoa "aaa" kwa nguvu na kwa muda mrefu uwezavyo, kuipandisha, kuishusha, kisha kusema sentensi 10 za matumizi yako ya kila siku. Nusu ya pili huanza na maneno na vifungu vifupi, na wiki zikisonga inafika kwenye kusoma na mazungumzo.

Sentensi hizo 10 unazichagua mwenyewe, nami nilizichagua kwa Kiswahili. Mojawapo ilikuwa "Makanga, shukisha Buxton!", kwa sababu nilikuwa nikipitishwa kituo na matatu. Simu ya pili yenye programu ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, ilikaa sentimita 30 kutoka mdomoni. Nilipoisema sentensi hiyo kwa nguvu aliyoitaka mtaalamu, niliona haya, nikajua jirani wanasikia ugomvi. Akanisikilizisha rekodi. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea tu.

Hapo ndipo ninapoisifu tiba hii. Hukuti maagizo kumi kuhusu mbavu, ulimi na taya. Agizo ni moja: sema kwa sauti. Nilipolifuata, pumzi iliongezeka yenyewe, mdomo ukafunguka, hata "k" na "t" zilizokuwa zikimezwa zikasikika. Uingereza waliifanyia jaribio kubwa, PD COMM, lenye watu 388, na matokeo yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la BMJ. LSVT LOUD ilipunguza athari za matatizo ya sauti kuliko tiba ya kawaida ya usemi ya huko. Madhara yaliyotajwa zaidi yalikuwa sauti kukwaruza, nami yalinipata mwanzoni.

Yasiyonipendeza: gharama ni kubwa na bima yangu ilikataa kulipa. Wataalamu ni wachache, kwa hiyo wengi tutaegemea video, na programu za video huichukua "aaa" ndefu kuwa kelele na kuizima. Tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuondoa uchujaji wa kelele kabla ya kikao cha kwanza. Pia daktari wa koo aziangalie nyuzi za sauti kwanza. Mimi nilitakiwa kufanya hivyo na naona ni haki.

Usidhani kila usemi ulioharibika unataka dawa hii. Sahibu yangu aliyepata kiharusi upande wa nyuma wa ubongo ana sauti ya kutosha, bali inaruka ghafla juu na chini, na silabi zinapishana vibaya. Tatizo lake ni mpangilio wa mwendo, na anafundishwa kupunguza kasi na kugawa pumzi.

Aya ndefu bado sizimalizi kwa pumzi moja, lakini sasa nachagua mahali pa kusimama. Nikiacha mazoezi siku chache, sauti inarudi chini, na wa kwanza kuniambia ni mjukuu wangu mdogo: "Babu, sikusikii." Naipa nyota 4 kati ya 5, moja nimeipunguza kwa ajili ya bei. Ukiamua kuanza, omba vikao viwekwe saa ambayo dawa imeshashika. Mimi nilichagua saa nne asubuhi, na siku tulipohamishia alasiri kwa sababu ya umeme, tofauti niliisikia mwenyewe.